Uliza kitufe cha sauti kimefia wapi

Vitufe vya sauti kwenye kibodi vikigoma, wengi wetu tunashika kipanya, tunabofya alama ya spika kwenye kona ya skrini, tunavuta mstari, basi. Tatizo linaachwa palepale hata mwezi mzima. Kwa asiyeona, hiyo alama ya spika haipo. Anatumia Orca, kisoma skrini cha Linux, kinachomtamkia kila neno analoandika na kila dirisha linalofunguka. Kwake yeye sauti ndiyo skrini. Ikishuka mno, kompyuta imezimika mbele yake ijapokuwa inawaka. Ikipanda mno akiwa ofisini, barua zake zinasomewa chumba kizima. Kwa hiyo mtu akiniambia vitufe vya sauti ni jambo dogo, namuuliza: dogo kwa nani?

Ukitafuta msaada mtandaoni utakuta amri za kunakili na kubandika, mamia kwa mamia. Nyingine ziliandikwa enzi ambazo sauti ya Linux ilipita njia tofauti kabisa na ya leo. Zilimfaa aliyeziandika kwa sababu kitufe chake kilifia mahali fulani, na dawa yake ni ya mahali hapo tu. Chako huenda kimefia pengine. Msimamo wangu ni kwamba usiguse faili lolote la mipangilio kabla hujajua mbonyezo wako unafika wapi. Ni kama kifurushi ulichomtumia ndugu yako Mwanza kwa basi kutoka Dar. Kisipofika hukimbilii kununua kingine. Unapiga simu Morogoro, unapiga Dodoma, unapiga Singida, mpaka upate ofisi ya mwisho iliyokiona. Safari ya kitufe nayo ina vituo, na kila kituo kinaweza kuulizwa.

Kituo cha kwanza ni kibodi yenyewe na kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Ndani ya kerneli ya Linux, kunyamazisha sauti ni namba 113, kupunguza ni 114, kuongeza ni 115. Majina yake ni KEY_MUTE, KEY_VOLUMEDOWN na KEY_VOLUMEUP. Haijalishi kibodi ni ya kampuni gani wala ina lugha gani juu ya vitufe. Ikifika kerneli, ni namba hizo. Kuuliza kituo hiki kunahitaji amri moja, na kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, inapatikana ndani ya kifurushi kiitwacho libinput-tools:

sudo libinput debug-events --show-keycodes

Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Ukiona mstari wenye KEY_VOLUMEUP na namba 115, kibodi ni nzima, kerneli ni nzima, tafuta tatizo mbele. Usipoona kitu, tatizo liko nyuma, na hakuna mpangilio wa sauti duniani utakaokusaidia. Naipenda amri hii kuliko evtest, amri nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa sababu inasikiliza vifaa vyote kwa pamoja. Evtest inakutaka uchague kifaa kimoja kwenye orodha, na hapo ndipo watu hupotea: kibodi nyingi za USB hujitambulisha kama vifaa viwili, kimoja cha herufi na kingine kiitwacho Consumer Control, na vitufe vya sauti hupitia hicho cha pili. Ukisikiliza cha kwanza utapata kimya, utahukumu kibodi imekufa, ukanunue nyingine bure.

Kuna jibu la tatu. Unabonyeza sauti, kerneli inaandika KEY_F11 au KEY_F3. Hapo hakuna kilichoharibika, ila kitufe cha Fn kimegeuziwa kazi. Kompyuta mpakato nyingi hugeuza tabia hiyo kwa Fn pamoja na Esc, nyingine kwa mpangilio ulioko kwenye BIOS. Kibodi za Apple, na baadhi ya kibodi za kampuni nyingine zinazojitambulisha kama za Apple, husimamiwa na draiva iitwayo hid_apple, nayo ina kigezo kinachoitwa fnmode. Kikiwa 1, vitufe vya sauti ndivyo vinavyotangulia. Kikiwa 2, F1 mpaka F12 zinatangulia. Kukijaribu papo hapo:

echo 1 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode

Ikikufaa, andika mstari huu ndani ya faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf ili udumu:

options hid_apple fnmode=1

Sasa nieleze kisa kilichonisukuma kuandika. Rafiki yangu ni mwalimu wa sekondari, haoni tangu utotoni, na ametumia Linux miaka mingi. Alinipigia asubuhi.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Kompyuta inaninong'oneza tu. Jana usiku nilipunguza sauti watoto walale, leo nabonyeza kuongeza, haipandi.”

Alikuwa ameinamisha sikio mpaka kwenye spika. Mtu mwingine angemwambia asubiri fundi. Lakini Mwalimu anaijua teminali, dirisha la kuandikia amri, kuliko mafundi wengi, na teminali ina fadhila ambayo sisi tunaoona hatuithamini inavyostahili: inajibu kwa maneno. Orca inasoma majibu hayo neno kwa neno. Alama za rangi, mistari ya kuvuta na vidirisha vinavyochomoza sekunde moja na kutoweka havimsaidii. Mstari wa maandishi unamsaidia sawasawa na unavyonisaidia mimi. Tukaanza kituo cha kwanza. Akaendesha libinput, akabonyeza, Orca ikamtamkia kwa sauti ile ya chini: KEY_VOLUMEUP, 115, pressed. Akabonyeza cha kupunguza: 114. Kibodi ilikuwa haina hatia.

Hapo wengi wangekimbilia kituo cha pili, cha majina. Juu ya kerneli, namba hizo hupewa majina yanayoanza na XF86: XF86AudioRaiseVolume, XF86AudioLowerVolume, XF86AudioMute. Herufi hizo zimetoka kwa mradi wa XFree86, uliotengeneza X, mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, na ambao watengenezaji wake wengi walihamia X.Org mwaka 2004, lakini jina limebaki ndani ya kila kibodi tunayobonyeza leo, hata kwenye Wayland, mfumo mpya usio na X. Namba nazo husogea: 115 ya kerneli inakuwa 123 kwenye X, kwa kuwa itifaki ya X11, ya mwaka 1987, haitumii namba zilizo chini ya 8, kwa hiyo kila namba huongezewa 8. Upande wa juu mwisho ni 255. (Anayesumbuliwa na kitufe cha kunyamazisha maikrofoni ajue hili: namba yake kwenye kerneli ni 248, ukiongeza 8 unapata 256, inazidi kwa moja. Ndiyo sababu kompyuta nyingi hukipa jina la kuazima, F20.)

Kituo hiki cha pili kina mtego. Watu huambiwa waendeshe xev, au wev kwenye Wayland, wabonyeze kitufe waone jina lake. Wanabonyeza, hawaoni jina, wanaamua kitufe kimekufa. Kumbe eneokazi, yaani programu inayosimamia madirisha na menyu, likishakishika kitufe kwa kazi yake, programu nyingine haipewi tena. Ukimya wa xev unaweza kumaanisha mambo mawili yanayopingana: kitufe hakikufika, au kimefika na kimeshachukuliwa na mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kuanza chini, kwenye kerneli.

Kwa Mwalimu nikaruka kituo hicho nikaenda mwisho wa safari, kwenye sauti yenyewe. Linux ya leo kwenye kompyuta nyingi hutoa sauti kupitia seva ya sauti iitwayo PipeWire. Fedora ilianza kuitumia kama chaguo-msingi katika toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu ikafuata katika toleo la 22.10, na Debian 12 ya mwaka 2023 inakuja nayo kwenye eneokazi la GNOME. Msimamizi wake anaitwa WirePlumber, na amri ya kuzungumza naye ni wpctl. Nikamwomba Mwalimu aandike hii, abonyeze kuongeza sauti, kisha aiendeshe tena:

wpctl get-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@

Mara ya kwanza ikajibu 0.40. Mara ya pili 0.46. Akanyamaza kidogo, akasema, “Inapanda. Mbona siisikii?”

Hapo ndipo penyewe. Vitufe vilikuwa vinafanya kazi tangu asubuhi, kila mbonyezo ulikuwa unaongeza sauti ya kitu fulani, ila kitu hicho si spika iliyokuwa inamsomea. Mtu anayeona angeuona mstari wa sauti ukipanda katikati ya skrini kila akibonyeza, na angetambua mara moja kwamba kibodi ni nzima. GNOME hutoa pia mlio mdogo kila sauti inapobadilishwa, lakini mlio huo hupita palepale inapobadilishwa sauti, kwa hiyo haukutokea kwenye spika pia. Ishara zote mbili zilikuwepo, na zote mbili hazikuweza kumfikia.

Tukaendesha wpctl status. Inatoa orodha ndefu, na chini ya neno Sinks kuna mahali pote sauti inapoweza kutokea. Penye nyota ndipo chaguo-msingi. Orca ilimsomea spika za ndani, kisha kidude cha USB cha hedifoni zisizo na waya, na nyota ilikuwa kwenye kidude. Hedifoni zenyewe zilikuwa zimezimwa, ziko mezani, lakini kidude kilikuwa kimechomekwa, na kompyuta ikikiona kidude inaamini hedifoni zipo.

Kwa nini basi Orca iliendelea kutokea kwenye spika? Kwa sababu Mwalimu mwenyewe aliipanga hivyo kwa pavucontrol, programu ya kugawa sauti, na kwa busara. Akiwa kwenye mkutano wa mtandaoni, watu wanaongea masikioni mwake kupitia hedifoni, na Orca inaongea kupitia spika. Sauti mbili hazigongani. Seva ya sauti hukumbuka kwamba programu fulani ilihamishiwa mahali fulani. Vitufe vya sauti, kwa upande wao, havijui lolote kuhusu Orca; vinabadilisha chaguo-msingi tu. Kidude kipya kilipochukua nafasi hiyo, vitufe vikakifuata, Orca ikabaki kwenye spika na kiwango cha jana usiku.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Spika za ndani kwenye orodha yake zilikuwa na namba 49:

wpctl set-default 49

Akabonyeza kuongeza, na sauti ya Orca ikajaa chumba mpaka nikaisikia kwenye simu.

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na si kwa wasioona pekee. Televisheni iliyochomekwa kwa HDMI, projekta ya darasani, spika ya Bluetooth iliyoko chumba cha pili, yote huiba vitufe kwa namna ileile. Kabla hujasema vitufe havifanyi kazi, tazama au sikiliza kama kuna kitu kinabadilika mahali pengine.

Kuna kituo cha kati ambacho kwa Mwalimu hakikuwa na kosa, nacho ni eneokazi. Ni nani hasa anayepokea XF86AudioRaiseVolume na kuamua kuongeza sauti? Jibu hutofautiana. Kwenye GNOME ni programu ya nyuma ya pazia iitwayo gsd-media-keys. Isipokuwepo hai, vitufe vyote vya namna hiyo hulala pamoja, sauti na muziki, na hilo ndilo dalili yake. Ihakikishe kwa pgrep -f gsd-media-keys. Isipojibu kitu, toka kwenye akaunti na uingie upya. Kwenye Xfce, eneokazi jingine, ni jambo la kushangaza kidogo: mpokeaji ni kile kiongezi cha sauti kinachokaa kwenye paneli, xfce4-pulseaudio-plugin. Mtu akikiondoa kwenye paneli kwa kutaka usafi, au akizima kisanduku cha vitufe vya kibodi ndani ya mipangilio yake, ameviondoa na vitufe vya sauti. Nimewahi kuona watu wakisakinisha upya mfumo mzima kwa sababu hiyo, na ilitosha kukirudisha kialama kimoja.

Kwenye i3 na Sway, ambazo husimamia madirisha tu, mpokeaji ni mistari iliyomo kwenye faili la mipangilio; isipokuwepo, hapokei mtu yeyote mpaka uiandike mwenyewe. Kwa Sway, mistari hii inatosha, na neno --locked linafanya vitufe viendelee kutii hata skrini ikiwa imefungwa:

bindsym --locked XF86AudioRaiseVolume exec wpctl set-volume -l 1.0 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%+
bindsym --locked XF86AudioLowerVolume exec wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%-
bindsym --locked XF86AudioMute exec wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SINK@ toggle

Sehemu ya -l 1.0 isiachwe. Bila hiyo sauti inaweza kupita asilimia 100, ikapasua spika ndogo za mpakato na kuumiza sikio la aliyevaa hedifoni. Mipangilio ya zamani inayoita amixer, amri ya sauti ya enzi zile, ndiyo ninayoitilia shaka zaidi, kwani mara nyingi inashika kadi ya kwanza ya sauti, na kadi ya kwanza huenda ni ya HDMI. Na xmodmap, amri ya kubadili kazi za vitufe inayopendekezwa mpaka leo, haina nguvu kwenye Wayland.

Kama seva ya sauti imekwama, iwashe upya kwa amri hii, wala usihangaike na pulseaudio -k ya zamani:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Ila kama unamsaidia mtu anayetumia kisoma skrini, mwambie kwanza kwamba sauti itakatika na kwamba inaweza kurudi peke yake au kuhitaji Orca iwashwe upya, ambayo kwenye GNOME ni Super, Alt na S. Kumkata mtu sauti bila taarifa ni sawa na kumfunga macho kwa nyuma.

Nirudi kwa wale ambao libinput iliwapa kimya. Hapo kuna hatua moja zaidi kabla ya kulaumu waya. Endesha sudo dmesg -w, bonyeza kitufe, uone kama kerneli inalalamika kwa maneno “Unknown key pressed”. Ikilalamika, ni habari njema: umeme umepita, kitufe kimepeleka msimbo wake, ila kerneli haiutambui. Unautafsiria kwenye faili la hwdb, orodha ya vifaa na tabia zake, mfano /etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb, kwa mstari wa kutambulisha kompyuta yako kisha mstari unaoanza na nafasi moja:

evdev:atkbd:dmi:bvn*:bvr*:bd*:svn*:pn*:*
 KEYBOARD_KEY_b0=volumeup

Badala ya b0 weka msimbo ulioutaja dmesg. Mstari wa juu nilivyouandika unashika kompyuta yoyote, na kwa mashine yako binafsi hauna madhara. Kisha sudo systemd-hwdb update, halafu sudo udevadm trigger. Ukibonyeza mara moja na sauti ikakimbia yenyewe mpaka juu, ujue kitufe hicho hakitoi taarifa ya kuachiwa; weka alama ya mshangao, KEYBOARD_KEY_b0=!volumeup, na kerneli itakiachia kwa niaba yake. Ukishapata mstari sahihi kwa aina ya kompyuta yako, upeleke kwa mradi wa systemd, ambao ndio unaotunza orodha ya wote. Mpakato wa mtumba wa aina hiyohiyo unaouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue utawashwa na mtu mwingine siku nyingine, na vitufe vitafanya kazi bila yeye kujua kulikuwa na shida.

Kwa Mwalimu tuliongeza kinga moja, na nawashauri wote wanaotegemea kisoma skrini waiweke. Kitufe cha kunyamazisha hugeuza tu: kilichonyamaza kinaongea, kinachoongea kinanyamaza. Asiyeona na asiyesikia kitu hawezi kujua yuko upande gani. Tukatengeneza njia ya mkato ya kibodi, Ctrl, Alt na J, isiyogeuza chochote: kazi yake ni kufungua sauti na kuiweka asilimia 50. Na haielekezwi kwenye chaguo-msingi, inaelekezwa kwa spika za ndani kwa jina lao, kwa sababu namba za wpctl hubadilika kompyuta ikizimwa na kuwashwa, lakini jina linalotolewa na pactl list short sinks halibadiliki. Lake ni hili:

sh -c "pactl set-sink-mute alsa_output.pci-0000_00_1f.3.analog-stereo 0; pactl set-sink-volume alsa_output.pci-0000_00_1f.3.analog-stereo 50%"

Badilisha jina liwe la spika zako. Inaingizwa kwenye mipangilio ya GNOME, upande wa kibodi, mwisho wa orodha ya njia za mkato, na haipiti kwenye vitufe vya sauti hata kidogo. Kidude chochote kikichomekwa, nyota ikihamia popote, herufi J itabaki inajua spika iko wapi.